Maneno ya kortini kwa watu wasio mawakili: shajara ya mradi

3 Machi

Nimeanza leo. Nina daftari la kurasa 96 na rundo la karatasi ambazo watu wameniachia kwa miaka minne niliyokuwa msaidizi wa kisheria hapa wilayani: samansi, hati za mashtaka, nakala za hukumu, barua za mawakili. Nyingi ni za Kiingereza. Nataka kutoa kijitabu cha kuingia mfukoni, kimfae mtu aliyepokea wito wa mahakama na hana fedha ya wakili. Aone neno la Kiingereza lililo kwenye karatasi yake, aone neno la Kiswahili atakalolisikia kwa karani au kwa hakimu, kisha asome mistari mitatu au minne ya kumweleza linamtaka afanye nini.

Sababu naiandika hapa mwanzoni ili nisiisahau nitakapochoka. Shangazi yangu alipoteza sehemu kubwa ya shamba lake kwa kesi ambayo naamini angeishinda. Aliitwa mara tano, akaenda mara tano, na kila mara aliambiwa kesi imetajwa tu, arudi tarehe fulani. Mara ya sita karatasi ilisema "hearing", yaani kesi itasikilizwa. Kwake ilikuwa tarehe kama zile nyingine. Mvua zilikuwa zimeanza, akaenda kupanda mahindi. Siku hiyo mdai alitoa ushahidi wake peke yake, na hukumu ikatoka ya upande mmoja, ambayo karatasi iliiita "ex parte".

Kutajwa na kusikilizwa. Hakuna mtu kijijini kwetu asiyeyajua maneno hayo mawili, na ndiyo yaliyomwangusha.

5 Machi

Orodha ya kwanza ina maneno 114. Nimeyapanga kwa alfabeti, nikaanza kuyatafutia maelezo yale yaliyonitisha mimi mwenyewe nilipokuwa naanza kazi: "habeas corpus", "res judicata", "locus standi", "mens rea", "nolle prosequi", "prima facie". Yote ni Kilatini. Usiku mzima nimetumia kwenye maneno manane.

9 Machi

Jaribio la kwanza, chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Walikuja watu kumi na mmoja, wanane kati yao wamewahi kufika mahakamani kwa kesi zao wenyewe. Niliwasomea maneno, wao wakaniambia wanaelewa nini.

Kwa yale ya Kilatini walinitazama tu. Mzee mmoja akasema, "Mwanangu, hayo tukiyaona tunajua ni ya wenyewe. Tunauliza." Hapo nikaona nilikuwa natwanga maji kwenye kinu. Neno usilolijua kabisa linakusukuma kwa mtu anayejua. Linalokuumiza ni lile unaloamini unalijua, kwa kuwa hulitafutii mtu.

Kijana mmoja alinipa mfano uliobadilisha mradi wote. Alipokamatwa aliambiwa atachukuliwa "maelezo ya onyo". Yeye akasikia onyo. Akaona ameonywa, ataandika kidogo, atakwenda nyumbani. Akasema kila kitu kilichomjia kichwani, akatia saini. Kwa Kiingereza ni "caution statement": polisi anamweleza mtuhumiwa kwamba halazimiki kusema neno lolote kuhusu tuhuma, na akisema, maneno yake yanaweza kutumika kama ushahidi dhidi yake. Onyo lenyewe ni hilo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania inatoa hata muda, saa 4 za msingi za kumhoji tangu alipowekwa chini ya ulinzi, na muda huo huweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu. Hayo yote hakuyajua, kwa sababu "onyo" ni neno alilozaliwa nalo.

Nimefuta mpangilio wa alfabeti. Kijitabu kitapangwa kwa maneno yanayopotosha. Ya Kilatini yatakaa kurasa za mwisho.

12 Machi

Watu walitaka kujua kwa nini lugha ya mahakama ni ngumu hivi, kana kwamba ilitengenezwa ili wao wasiielewe. Nimesoma siku mbili, na jibu ninalo, nalo linanipa nguvu.

Waingereza wenyewe walikuwa hapa tulipo. Baada ya Wanormani kuiteka nchi yao mwaka 1066, wakubwa walizungumza Kifaransa, na mahakamani ikawa Kifaransa kwa mdomo na Kilatini kwa maandishi. Mkulima wa Kiingereza alisimama mbele ya jaji akisikiliza watu wakigombania mali yake kwa lugha asiyoijua. Mwaka 1362 Bunge la mfalme Edward wa Tatu lilipitisha sheria kwamba mashauri yaendeshwe kwa Kiingereza, na sababu iliyotolewa ni kwamba watu hawakielewi Kifaransa. Wanasheria hawakukiacha. Ilibidi sheria nyingine, iliyoanza kutumika mwaka 1733, kuviondoa Kilatini na Kifaransa cha mahakama katika kumbukumbu za mashauri. Karne nne karibu zilipita kati ya sheria ya kwanza na ya pili.

Masalia yamebaki. "Bail", "plaintiff", "defendant", "verdict" ni maneno yaliyotoka Kifaransa. "Affidavit" na "alibi" ni Kilatini. Hata ile tabia ya kuandika maneno mawili yenye maana moja, "null and void", inatoka enzi hizo ambapo lugha zilikaa bega kwa bega. Mtafsiri asihangaike kutafuta tofauti ya "null" na "void". "Batili" inatosha.

Kwetu Tanganyika, sheria ya Kiingereza iliingizwa rasmi kwa amri ya mwaka 1920, na lugha yake ikaja nayo. Mahakama ya Mwanzo imekuwa ikitumia Kiswahili. Lakini kuanzia ya Wilaya kwenda juu mazoea yalikuwa haya: shahidi anasema kwa Kiswahili, hakimu anaandika kwa Kiingereza. Nakala ya mwenendo ikitoka, shahidi hawezi kusoma maneno aliyoyasema yeye mwenyewe. Nimeshika nakala kama hizo mikononi nikimtafsiria bibi wa miaka sabini ushahidi wake, akiniambia, "Hapo sikusema hivyo."

Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, na Kiingereza kimeachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Naiunga mkono kwa moyo wote. Ila kesi za zamani, mikataba, barua za mawakili na vitabu vya rejea bado ni Kiingereza, na karatasi hizo ndizo watu wanazonijia nazo.

17 Machi

Siku nzima nimeshughulika na neno moja: kuachiwa.

Mtu akitoka mahakamani bila pingu, mtaani tunasema ameachiwa. Pilau linapikwa. Lakini kuna kuachiwa kwa aina tatu, na kila moja ina uzito wake. Ya kwanza ni dhamana, "bail". Mshtakiwa yuko nje, kesi iko palepale, na mdhamini wake yuko hatarini akitoroka. Ya pili ni "discharge". Shtaka limeondolewa bila mahakama kuamua kama alitenda au hakutenda, kwa hiyo anaweza kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Ndipo unapokuta mtu ameachiwa asubuhi na kukamatwa tena mlangoni mwa mahakama, na ndugu zake wanalia kwamba ni uonevu. Pengine ni uonevu, pengine sio, ila utaratibu unaruhusu. "Nolle prosequi" huishia hapo pia: Mkurugenzi wa Mashtaka anaieleza mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na shauri. Ya tatu ni "acquittal", kuachiwa huru baada ya mahakama kuona hana hatia. Huyu hawezi kushtakiwa tena kwa kosa hilo, isipokuwa upande wa mashtaka ukate rufaa na kushinda.

Nimeandika katika kijitabu: "Ukiambiwa umeachiwa, muulize karani: nimeachiwa kwa dhamana, nimefutiwa shtaka, au nimeonekana sina hatia? Omba iandikwe."

Na dhamana yenyewe ina fumbo lake. Wengi huiona kama bei ya kesi: ukilipa, imekwisha. Nilikutana na mama aliyeuza ng'ombe amtoe mwanawe, na tarehe ya kesi ilipofika hawakwenda, kwa kuwa kwao deni lilishalipwa. Ikatoka hati ya kumkamata mwana, na mdhamini akaitwa ajieleze.

18 Machi

Nyongeza ya jana. "Ana kesi ya kujibu." Gazeti likiandika hivyo, mtaani husemwa keshafungwa. Maana yake ni kwamba upande wa mashtaka umemaliza mashahidi wake na mahakama imeona ushahidi huo, ukibaki bila kujibiwa, unaweza kumtia hatiani. Ndiyo ile "prima facie case". Sasa ni zamu yake kujitetea: anaweza kutoa ushahidi, kuita mashahidi, au kunyamaza. Kesi iko nusu ya njia.

20 Machi

Kiapo. Kwa Kiingereza ni maneno mawili: "oath", cha mdomo kabla ya kutoa ushahidi, na "affidavit", cha maandishi mbele ya kamishna wa viapo. Kwa Kiswahili yote mawili huitwa kiapo. Wazee wetu wana maana ya tatu, kiapo cha kunywa dawa ili mwongo adhurike. Mzee mmoja alikataa katakata kutia saini hati ya kiapo ya kuthibitisha kwamba majina mawili katika nyaraka zake ni ya mtu mmoja. Aliogopa kwa ajili ya wajukuu. Nitaandika "hati ya kiapo" kila mahali, nisiseme "kiapo" peke yake hata mara moja.

24 Machi

Leo nimefika kwenye neno ninaloliona kuwa zito kuliko yote: shaka.

Kila siku magazeti huandika kwamba upande wa mashtaka umethibitisha kesi "bila kuacha shaka yoyote". Kiingereza ni "beyond reasonable doubt". Neno "reasonable" limedondoka njiani. Likidondoka, kipimo kinapanda juu kuliko sheria inavyotaka, maana shaka yoyote ni pamoja na ile ya kubuni: pengine shahidi ana pacha, pengine saa ya ukutani ilikosea. Mwaka 1947 jaji Denning wa Uingereza alilieleza jambo hili katika shauri la Miller dhidi ya Waziri wa Pensheni. Kwa maneno yangu, alisema uthibitisho wa jinai hautaki kufuta hata kivuli cha shaka, kwa sababu sheria ingeshindwa kuilinda jamii iwapo uwezekano wa kufikirika tu ungekwamisha haki. Shaka inayomwokoa mshtakiwa ni ile yenye msingi.

Nani abebe mzigo huo? Mwaka 1935 Mabwana wa Sheria, majaji wa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, walisikiliza rufaa ya Reginald Woolmington, kijana wa miaka 21 aliyekuwa kibarua wa shambani, aliyehukumiwa kifo kwa kumpiga mkewe risasi. Yeye alisema bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya. Jaji wa chini aliliambia jopo la raia wanaoamua hatia, "jury", kwamba ikishathibitishwa kuwa ameua, ni juu yake kuonyesha kwamba hakukusudia. Mabwana wa Sheria walisema hapana: kazi ya kuthibitisha hatia ni ya upande wa mashtaka tangu mwanzo hadi mwisho. Woolmington aliachiwa huru. Kila mshtakiwa wa Dar es Salaam au Nairobi anakingwa na kanuni hiyo hadi leo.

Katika madai kipimo ni kingine. Hakimu huangalia mizani inaegemea upande upi, basi. Ndiyo maana mtu anaweza kushinda kesi ya wizi na bado akaamriwa kulipa katika kesi ya madai juu ya mali ileile. Niliulizwa hilo mara mbili pale chini ya mwembe.

Nimechagua kuandika "bila kuacha shaka yenye msingi". Ni ndefu. Lakini katika hili sikubali kufupisha.

28 Machi

Mwenzangu wa Mombasa, mkalimani wa mahakama aliyestaafu, amesoma kurasa kumi za kwanza. Barua yake ya sauti ina dakika arobaini.

Amenionya kwamba kitabu kimoja hakitatumika pande zote mbili za mpaka bila marekebisho. Sisi husema Mahakama ya Rufani, wao Mahakama ya Rufaa. Sisi mlalamikaji, wao mlalamishi. Mahakama yetu ya juu kabisa ni hiyo ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 pamoja na mahakama yake ya rufaa. Kenya wana Mahakama ya Juu tangu Katiba ya mwaka 2010, na chini yake kuna ya Rufaa, kisha Mahakama Kuu. Mtanzania akisikia "Mahakama ya Juu" huenda akadhani ni Mahakama Kuu, kumbe kati yake na hiyo kuna ngazi nzima.

Dhamana pia. Katiba ya Kenya, ibara ya 49, inampa kila aliyekamatwa haki ya dhamana kwa masharti yanayofaa, ila ziwepo sababu nzito za kumnyima. Kwetu kuna makosa ambayo sheria imeyafungia mlango wa dhamana, yakiwemo mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha.

Jambo lililonigusa zaidi ni ibara ya 50 ya katiba hiyo: mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama ana haki ya mkalimani bila malipo. Mwenzangu ameifanya kazi hiyo kwa Kiswahili na Kigiriama. Anasema neno lililomtesa maisha yake yote ni "guilty", yaani mwenye hatia, anapomuuliza mtu aliyekamatwa jana kama anakubali kosa. Watu hukubali walikuwepo. Hukubali walimpiga marehemu. Hawakubali walitaka kumuua. Yeye alilazimika kumwomba hakimu aandike jibu lote kama lilivyotoka, asiandike "amekiri".

Nimetenga ukurasa mzima kwa kukiri na kukana.

2 Aprili

Mama mmoja kaja na karatasi mkononi, hajalala siku mbili. Kesi yake ni ya deni la duka. Kwenye karatasi kuna "stay of execution". Mwanawe wa kidato cha pili alifungua kamusi akakuta "execution" ni kunyonga.

Nilimketisha kwanza. Katika madai neno hilo ni utekelezaji wa hukumu: kukamata mali, kuiuza kwa dalali wa mahakama, kulipa mshindi. "Stay" ni kusimamisha. Karatasi ilikuwa ya kumsaidia yeye, wakili wa kujitolea aliomba mali yake isiuzwe kwanza hadi rufaa isikilizwe. Alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akaniuliza kwa nini hawaandiki hivyo.

Neno hili linaingia ukurasa wa kwanza.

Hapohapo nimemaliza "sentence", yaani adhabu. Hukumu ni uamuzi wote na sababu zake. Kutiwa hatiani ni sehemu mojawapo. Adhabu hufuata baadaye, na katikati yake mtu hupewa nafasi ya kuomba apunguziwe. Wengi hukaa kimya katika nafasi hiyo wakidhani mambo yamekwisha. Na adhabu "zikienda pamoja", makosa matatu ya miaka 5 kila moja ni miaka 5. Zikifuatana ni 15. Ndugu waliokaa benchi la nyuma wasikilize hilo kuliko yote: zinakwenda pamoja au zinafuatana?

8 Aprili

Wakili amenisomea rasimu bure, Mungu ambariki. Kalamu nyekundu kila ukurasa. Nilichanganya mtuhumiwa na mshtakiwa mara sita: mtuhumiwa hajafikishwa mahakamani bado. Nilimwita mahabusu mfungwa, naye hajatiwa hatiani.

Kosa langu kubwa alilolikuta ni kwenye rufaa. Niliandika "siku 30" kwa zote. Siku 30 ni za kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya. Katika jinai, kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, mtu hutoa kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha hati ya rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Kusudio na rufaa ni vitu viwili. Kama kijitabu kingetoka na kosa lile, mtu aliyeko gerezani angeniamini mimi na kuchelewa. Nimezisoma tarehe zote upya kwa sauti, moja moja, pamoja naye.

Amenikumbusha pia niandike wazi ukurasa wa kwanza kwamba msaidizi wa kisheria, ingawa anatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, si wakili na hawezi kusimama mahakamani kumtetea mtu.

15 Aprili

Jaribio la pili. Maneno yamebaki 47, kurasa 16. Watu kumi na wanne, na safari hii wao ndio waliosoma, mimi nikasikiliza. Kutajwa na kusikilizwa wamevipata wote. Maelezo ya onyo, wote. Shaka yenye msingi imechukua muda, ila fundi seremala mmoja aliwaeleza wenzake vizuri kuliko mimi: "Ukinunua mbao, hutaki isiyo na alama hata moja. Unataka isiyo na ufa." Nimemwomba ruhusa niitumie, amekubali.

Jioni nilimpelekea shangazi. Alisoma polepole, kidole juu ya mstari, hadi ukurasa wa 3, penye "plaintiff" na "defendant". Nilikuwa nimeandika mdai na mdaiwa, pamoja na habari kwamba Waingereza wenyewe waliacha neno "plaintiff" tarehe 26 Aprili 1999 wakachukua "claimant", ambalo ni mdai hasa.

Akafunga kitabu kwenye kidole.

"Unajua karatasi ya kwanza waliponiletea, ilikuwa imeandikwa mdaiwa? Niliona haya kumwonyesha mtu. Mimi sijawahi kudaiwa hata chumvi. Nikaificha chini ya godoro wiki tatu."

Hilo sikuwa nalijua miaka yote hii.

"Andika," akasema, "kwamba si lazima uwe na deni."

Nimeongeza mstari mbele yake: "Mdaiwa ni mtu aliyefunguliwa kesi ya madai. Kuitwa mdaiwa hakumaanishi una deni. Ionyeshe karatasi hiyo kwa mtu unayemwamini leo hii." Ukurasa wa 3 umejaa, kwa hiyo habari ya Waingereza nimeipeleka mwisho, jirani na "locus standi". Kesho asubuhi naenda steshenari kutoa nakala 50 za kwanza.